Saba Imezaa

Kabula mke wangu,

Imezaa! Hilo kwanza, salamu baadaye. Ile saba yako ya mlangoni imezaa mpaka imejaza kidirisha chote cha mashine ya hesabu ya Mzee Jivan pale dukani. Tarakimu nane: 73939133! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeijaribu miezi na miezi, Mzee Jivan ananifukuza, "Toka bwana, wateja nao wahesabiwe!" Kesho yake ananiwekea stuli.

Siku ile siisahau. Dada zangu walikuja kutoka Kambarage, tunakula, mmoja akauliza tena habari ya mtoto. Nami badala ya kukutetea nikasema, "Mwalimu wa hesabu gani huyu, kujumlisha mmoja tu humu ndani kumemshinda. Tasa." Mbele yao, Kabula.

Hukulia. Ulichukua chaki ukaandika 7 kwenye mlango wa chumbani. "Hii nayo darasani tunaiita namba tasa. Haya, angalieni." Ukaibandikia 3 nyuma: 73, tasa. Halafu 739, tasa. Halafu 7393, tasa. "Kata mkia, anayebaki ni tasa vilevile. Ukoo mzima huo. Endelea wewe, hodari."

Tukacheka. Homa ikakuchukua sijakuomba radhi.

Baada ya msiba nilishika kitambaa nifute mlango, mkono ukakataa. Basi nikaendelea. Mimi wa darasa la nne! Nilifanya kama tunavyofanya kokoto tukitafuta almasi huku Maganzo: nikachekecha namba. Zinazogawanyika kwa mbili zikapita chini, za tatu zikapita, za tano, za saba... Zilizokataa kupita ndizo tasa. Hizo ndizo nikazitumia kuigawa yako, moja moja. Nikaduwaa na chaki mkononi. Miaka yote nachekecha nikitafuta kile kinachobaki juu, halafu wewe nikakutukana kwa jina lake!

Nikabandika 9, ikakubali: 73939. Nikabandika 1, ikakubali. 3, ikakubali! Nilipiga kelele shimoni, wenzangu wakaacha majembe wakidhani nimepata jiwe. Tangu hapo naitwa Baba Saba. "Baba Saba, watoto hawajambo?" Naitikia, hawajambo, wanaongezeka.

Jumapili niliwaita dada zangu. Nikawakalisha palepale, nikawasomea mlango wote, nikasema lile neno nimelirudisha, lilikuwa la kwangu mimi mjinga. Mkubwa aliusogelea mlango. Halafu akasema, "Kata mkia tuone." Nikawa nafunika kwa kiganja, tarakimu moja moja, mpaka ikabaki saba peke yake. Akajifuta macho kwa kanga.

Sasa tarakimu ya tisa. Mkiani shufwa inapita chini, tano inapita, na nikibandika 1 au 7, tatu inaigawa. Zimebaki 3 na 9, na mashine haina nafasi tena. Nitagawa kwa mkono. Ikikubali ikikataa, nitakuja kaburini kukuambia, na mlango haufutwi nikiwa hai.

Wenzako wote waliitwa mama fulani, wewe ukabaki Mwalimu tu. Lala salama, Mama Saba.

Mumeo