Fungate ya Chupa za Hoho

Dunja, uko? Acha unachofanya kwanza.

Unakumbuka Ognjen alivyonipangia fungate mwenyewe, Vienna, Munich mpaka Zurich? Na mimi nikakuringia wiki nzima kwamba mume wangu anajua kupenda.

Leo mama mkwe kaingia na chupa za ajvar yake, zile hoho za kuchoma, kazipanga mezani. "Hii ya shangazi yenu wa Vienna. Hii ya binamu yenu wa Munich. Hii ya mjomba wa Zurich, msiifungue njiani."

Nikamgeukia Ognjen. Kainamia kahawa yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kwani hii miji uliichagua wewe?"

"Niliichagua na mama."

Na mama, Dunja. Fungate yangu kaichagua na mama.

Nikajifungia chumbani, nikampigia mama yangu nimlilie. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole, "Zurich si ndiko alikohamia dada yangu?"

Ninavyokuandikia hivi mama yangu yuko njiani anakuja, na paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.

Na wewe usianze. Najua kaka yako yuko Munich.