Kikao cha Kumwandaa Kitinda kwa Usaili

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA FAMILIA, KILICHOFANYIKA JUMAPILI SEBULENI KWA SHANGAZI, SAA TISA ALASIRI (KILIITISHWA SAA NANE)

Waliohudhuria: Shangazi, mkunga mstaafu (Mwenyekiti); Baba Mkubwa, fundi seremala; Mama Mdogo, mpishi wa shughuli; Kitinda, binti yetu, mhusika; Mjomba (Katibu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja na kalamu).

Wasiohudhuria: Wazazi wa Kitinda. Waliombwa wasije, kwani mama hulia na baba humjibia Kitinda kila swali.

KUMB. NA. 1/KITINDA: KUFUNGUA

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu Kitinda amalize chuo, kila mlango anaobisha anaulizwa uzoefu. Kesho asubuhi ana usaili wa kwanza kuwahi kuitwa, kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Kitinda alisema hii ikishindikana hataomba tena kazi mahali popote. Chai ikamiminwa.

KUMB. NA. 2/KITINDA: UZOEFU

Baba Mkubwa alishauri Kitinda aseme alifanya kazi karakanani kwake na alikuwa akilipwa. Mama Mdogo alimwomba Mwenyekiti amfikishie fundi ujumbe kwamba karakana ile haijawahi kumlipa hata mwenyewe. Baba Mkubwa, aliyeketi kochi hilohilo, alimwomba Katibu amjibu mpishi kwamba amesikia.

Ieleweke kwamba wajumbe hawa hawasemezani tangu lilipotokea suala la sufuria.

Kitinda alikataa kudanganya. Katibu alisimulia alivyopata ajira yake ya kwanza. Wajumbe waliomba simulizi hiyo isiandikwe, na Katibu ametii.

KUMB. NA. 3/KITINDA: MAZOEZI

Mwenyekiti alijifanya meneja, akauliza Kitinda angefanyaje wageni wawili wakigombea chumba kimoja. Baba Mkubwa na Mama Mdogo walijitolea kuwa wageni.

Zoezi lilianza vizuri. Mgeni wa kike alidai chumba ni chake. Mgeni wa kiume alisema alikikuta kitupu. Mgeni wa kike akasema hata sufuria yake kubwa ilikuwa tupu, na hiyo haikuwa ruhusa ya mtu kuchemshia gundi ya mbao. Katibu aliacha kuandika kwa muda, kwa sababu za kiusalama.

Kitinda hakupandisha sauti. Aliwavutia viti viwili watazamane, akamuuliza Mama Mdogo, "Mama mdogo, unataka sufuria, au unataka kuombwa radhi?"

Mama Mdogo alifikiri, akasema sufuria amekwisha kununua nyingine.

Kitinda akamgeukia Baba Mkubwa. Yeye alisema aliisugua kwa mchanga mpaka mikono ikachubuka, akitaka kuirudisha na kuomba radhi, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kabla yake. Aliona haya kupita pale.

"Basi leo mtaa haupo," Kitinda alisema. "Tupo sisi tu."

Baba Mkubwa alitazama kikombe chake, kisha, bila kumpitia mjumbe yeyote, akasema, "Shemeji, nisamehe."

Mama Mdogo alijibu, "Na mimi mdomo wangu ulitangulia, shemeji."

Kitinda akauliza kama wageni wana lingine kuhusu chumba. Hawakuwa nalo.

KUMB. NA. 4/KITINDA: IDHINI

Mwenyekiti alisema amezalisha wengi, lakini ugomvi huu ulimshinda kuutoa. Iliazimiwa kesho Kitinda aseme wazi kwamba hajawahi kulipwa na yeyote, kisha aeleze ya leo. Wahusika waliridhia: Mama Mdogo kwa sharti asitajwe umri, Baba Mkubwa kwa sharti itajwe kwamba sufuria ilioshwa ikatakata.

KUFUNGA

Kikao kiliisha magharibi, chai ilipokauka birikani. Wajumbe wawili walibaki kibarazani wakizungumza, na Mwenyekiti akalazimika kuwazimia taa.

Nyongeza ya Katibu kabla ya kutia saini: Kitinda ameajiriwa, anaanza Jumatatu ijayo. Anasema meneja alisikiliza yote, halafu akauliza kama ndugu hao wanaongea siku hizi.

Kitinda alimjibu, "Wanaongea. Sasa tunatafuta wa kuwanyamazisha."

Saini: Shangazi, Mwenyekiti
Saini: Mjomba, Katibu (kalamu ni ileile)