Baiskeli ya Wavinya

Ayub, nimefanya makosa, na siwezi ambia mtu mwingine.

Mjukuu wangu Wavinya leo alikuwa kwa ile mashindano ya Nairobi, ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Akiwa kwa maji, nikaona baiskeli yake imeachwa kwa jua. Wewe unajua jua hupasua tairi. Nikaipeleka kivulini nyuma ya hema.

Alitoka majini wa tatu. Wa tatu, Ayub. Akaitafuta mpaka wote wakampita.

"Babu, nani amesongesha baiskeli yangu?"

Nikasema sikuona. Mimi, mzee wa kanisa, sikuona.

Sasa askari wa geti la pale baiskeli huwekwa, aliyenifungulia kwa heshima ya mvi, anafutwa kazi kesho, eti hakulinda baiskeli. Shahidi wa waandalizi ni mimi.