Moto wa Yaya Nsimire

Maman yangu,

Goti linakuruhusu kupanda ule mlima wa kanisani? Na kifua cha papa, kimetulia? Mimi ni mzima, ila nina wivu, na leo nausema wote kabla sijabadili mawazo.

Tangu yaya Nsimire, mkubwa wangu, ahamie kwangu hapa ugenini Matonge, kila ukipiga simu unamtaka yeye. Miaka sita naimba kwaya, hakuna aliyewahi kunipa mikrofoni. Yeye alikaa siku nne bila kulala, akiomba, akisuka watu nywele bure, maneno yakimtoka mbio mbio, na kanisa zima likasema ana moto wa Roho. Nawe ukalia kwa furaha kwenye simu. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo vya wageni wake, nimenuna kabisa.

Kisha akaenda kuhubiri kwenye uwanja wa Flagey, mchana wa baridi, miguu mitupu, mbele ya watu wanaokunywa kahawa. Nilimfuata na viatu vyake mkononi. Baada ya hapo alilala wiki tano, hata kuoga hataki, nanyi mkasema amerogwa.

Nikampeleka hospitali, na daktari akanieleza polepole: ule moto na kule kulala ni ugonjwa mmoja. Unampandisha mtu, kisha unamshusha. Wanauita bipolaire. Si pepo, wala si uvivu. Dawa zinamshika katikati. Sasa anakula, anacheka kidogo, ingawa mikono inamtetemeka.

Lakini Jumanne ulimuuliza, "Moto yako ilienda wapi, mutoto wangu?" Alhamisi nikakuta vidonge vyake vya siku mbili amevificha ndani ya soksi.

"Maman anapenda ule Nsimire wa moto," akaniambia. "Bon, nikiacha dawa, atarudia."

Maman, nakuomba, usimuulize tena swali hilo. Muulize amekula nini. Akiacha dawa, safari hii sijui nitamkuta wapi, au kama nitamkuta.

Nisalimie papa, na shangazi anayeuza samaki wa sambaza sokoni, na kaka yetu mwalimu. Waambie nao waache kumwita nabii.

Alipokuwa mgonjwa ulimpenda kuliko mimi, na iliniuma. Sasa ametulia, mpende vilevile. Wivu nimeshauzoea, yaya sina mwingine.

Mwanao,
Faida