Utabiri Ulionichelewesha Kuhitimu

Gulfton, Houston, Texas
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Flaviana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeanza kukuruhusu ulale. Huku hatujambo. Joto tu ndilo linatuonea, na kaka Faustine, niliyehamia kwake mwezi wa nane, ananiambia nivumilie hadi Oktoba. Nimesikia mvua zimewahi Bukoba na migomba imechangamka. Nimefurahi.

Najua mlisubiri picha zangu za mahafali mwezi wa tano, hamkuziona. Kwenye simu nilisema tu "mambo ya chuo." Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu, kwa hiyo unastahili kuambiwa yote.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaungoja na gongo. Akiupiga na kufika salama kituo cha kwanza, amepata pigo. Hata mpigaji hodari hukosa kama mara saba katika kumi, lakini kwa kuwa hupata zamu kama nne kwa mechi, mara nyingi huambulia pigo moja. Niliunda modeli ya takwimu ya kutabiri kila siku nani atapata pigo. Naipa rekodi za mpigaji za siku kumi za karibuni, za mrushaji na za uwanja, nayo inanitajia jina.

Ilipatia mara tisini na moja kati ya mia. Shangazi, nilijiona! Msimamizi wangu, Dakta Cherotich, Mkenya, aliitangazia idara nzima. Hata kazi ya hapa Houston niliahidiwa, mradi nihitimu.

Jumamosi kabla ya kuutetea utafiti, nilikuwa najizoeza mbele ya Rukaya, yule muuguzi wa Tanga niliyekaa naye mji wa Euless nilipokuwa chuoni. Alikuwa akikunja sare zake. Akanikatiza.

"Pru, hizo siku kumi za karibuni unazompimia mchezaji, siku ya mechi yenyewe imo?"

"Haimo."

"Una hakika?"

Nikafungua kompyuta kumwonyesha. Imo. Modeli ilikuwa inatabiri mechi ambayo matokeo yake imeshayaona, kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni.

Sitakuficha, nilifikiria kunyamaza. Jumapili nilikaa kanisani sisikii neno. Hakuna ambaye angejua, na Rukaya asingesema. Lakini Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dakta Cherotich.

Nilimwonyesha kosa kwenye kompyuta. "Ungenyamaza, ningesaini," akasema. "Hata mimi sikuona."

"Sasa tufanyeje, Dakta?"

"Tunarudia. Mahafali ya Mei, sahau."

Nililia garini mpaka nikachoka, kisha nikawapigia wale wa kazi. Nilitaja kosa bila kulipaka rangi. Wakasema watanisubiri hadi Agosti.

Baada ya kusahihisha, modeli ilipatia sabini na nne. Ukichagua tu wapigaji wenye wastani mkubwa unapata sabini. Nilipoutetea Julai, mtahini mmoja aliniuliza kama hizo nne ni kitu. Nikamjibu, "Ni chache, lakini zipo kweli." Wakanipitisha, Shangazi. Rukaya alinipikia pilau.

Sasa kazi yangu ni kutabiri wagonjwa ambao huenda wasirudi kliniki, ili wapigiwe simu mapema. Juzijuzi modeli ya huku ilinitajia mzee mmoja Mkongo wa mtaa huuhuu. Nilimpigia mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Mama, mi sina mutu wa kunipeleka," akasema.

Tukamtafutia gari. Alhamisi alifika nusu saa kabla ya wakati, amevaa tai.

Nisalimie sana Ma Kokushubira na mjomba Humphrey, waambie siwasahau. Mungu akufunike kwa amani yake, wewe na wote wanaokula chunguni mwako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Prudensia