Oktava Moja Juu

Mikindani, Jumapili

Baba Munga,

Huko Naivasha kazi yaendaje? Sisi hatujambo, mtoto amepona kikohozi.

Leo nimekupigia kinanda chako kanisani. Nilikiwasha mguu ukiwa juu ya pedali ya kurefusha sauti, basi pedali ikageuka: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inavuma. Nikakizima, nikakiwasha upya, ikatengemaa. Ndipo nikaona umekipandisha oktava moja, sauti zote zatoka nyembamba. Nilipotaka kukishusha, Philister wa kwaya akanishika mkono.

“Dada, usiguse. Bramwel aliniwekea mimi, tukifanya mazoezi.”

Alikuita hivyo, kwa jina lako. Nikapiga hadi ibada ikaisha, watu wakapiga makofi.

Baba Munga, kabla ya leo kinanda hicho hakijawahi kutoka chumbani kwetu.

Mimi mwenye chumba,
Kache