Tulivyomlilia Baba Huku Majengo

Majengo, Goma,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025.

Mpendwa Shangazi Nakundwa,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni kwako, goti limetulia na kikohozi cha masika kimekuachia. Mvua zinanyesha vizuri huko Usangi? Mama anakula? Kwenye simu kila mtu huniambia "anaendelea vizuri" na mazungumzo yanaishia hapo. Wewe huwa huninyimi ukweli, ndiyo maana nakuuliza wewe. Mimi mwanao ni mzima. Ninakula, ninalala, ninakwenda kazini. Miguu tu ndiyo inavimba jioni kwa kusimama kutwa nzima.

Barua hii nampa Constant, mwenzangu wa karakanani, anayekuja Moshi kusomea ufundi wetu wa miguu ya bandia, kama nilivyosomea mimi. Ameniahidi kwamba atapanda hadi Usangi akukabidhi mkononi. Mpe chai na chakula. Ni mtu wa haya sana, atakuambia ameshiba; usimwamini.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho uliniambia, "Naelijwa, kaka yangu amezikwa na mwanawe wa kwanza hayupo," kisha simu ikakatika. Sijui kama ilikatika yenyewe au uliikata. Sikuthubutu kupiga tena. Nakuomba sasa unisikilize mpaka mwisho, halafu useme utakalo.

Kwanza nikueleze ninavyoishi, maana hata hilo sijawahi kukusimulia vizuri. Nilipofika Juni mwaka jana nilidhani angalau lugha haitanisumbua. Kumbe! Siku ya kwanza nilitoka kutafuta kitoweo, nikamkuta jirani yangu Léoncie amekaa langoni na beseni la sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa la hapa. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Dada, unauza?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Miye siuzake, mama. Miye ninauzisha. Ni weye njo unauza!" Huku kuuza ndiko kununua, Shangazi, na anayeuza kwetu wao husema anauzisha. Tangu siku ile mtaa mzima ukaniita Mama Redio, eti naongea kama mtangazaji.

Ninakaa chumba kimoja kwenye uwanja wa nyumba kadhaa, Majengo. Kuta zake za chini ni za mawe meusi ya volkano, na ua pia ni jiwe tupu. Nilitaka kupanda mchicha kama wako. Jembe likagonga jiwe nikaona cheche. Mlima wenyewe unaonekana pale kaskazini kukiwa hakuna mawingu, na mwanzoni niliuogopa. Sasa nautazama kama wengine wanavyoutazama, kujua tu kama mvua inakuja.

Miezi ya kwanza nililia sana, sitakuficha. Baba alijua. Alikuwa ananipigia asubuhi na mapema kabla hajatoka kwenda bwawani kufungua maji ya mashamba, ananiuliza nimekula nini jana, ananikatia simu kabla sijaanza kulia. Hakuwahi kuniambia nirudi. Hakuwahi kuniambia nibaki pia.

Kazini nako kulikuwa na mtu mmoja aliyenitesa. Ni baba yake Léoncie, Muzee Habarurema, mkulima wa maharage kutoka mji uitwao Kiwanja. Alikanyaga bomu shambani kwake, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Wakakimbilia kambini Kanyaruchinya, na baadaye Léoncie akamhamishia hapa Majengo, chumba cha ng'ambo ya barabara. Nilimtengenezea mguu mzuri, Shangazi, kazi ambayo hata mwalimu wangu angeisifu. Alipouona akageuza uso. "Hii muguu haiko ya kwangu," akasema. "Muguu yangu ilibakia ku shamba." Nikampima upya, nikidhani unambana. Akanitukana kwa Kinyarwanda, na Léoncie akakataa kunitafsiria. Mwisho mguu ukakaa chini ya kitanda chake, naye akaendelea kutembelea magongo. Alisema atauvaa siku atakayorudi kwao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku zile za mwisho wa Januari mlizisikia redioni. Vita viliingia mjini. Tulilala sakafuni, mimi na Léoncie na watoto wake, kwa sababu ukuta wa chumba changu ni mnene kuliko wa kwake. Umeme ukakatika, maji yakakatika, simu zikawa vipande vya plastiki tu. Bunduki ziliponyamaza nilikwenda moja kwa moja kusaidia hospitalini, na sitakuandikia niliyoyaona huko.

Mtandao uliporudi ulirudi kwa ghafla, asubuhi, nikiwa nachambua maharage uani. Ujumbe ukaanza kumiminika mmoja juu ya mwingine. Wengi wenu mlikuwa mnauliza kama niko hai. Katikati yake kulikuwa na ule wa mdogo wangu Namkunda: Baba alianguka ndivani akifungua maji, ametutoka, tunazika kesho mchana. Nikatazama tarehe. Ile kesho ilikuwa ni leo.

Shangazi, nilikimbia. Niliacha maharage kwenye ungo, nikaenda kwa miguu mpaka mpakani nikiwa na kandambili na pasipoti. Sijui nilifikiri nini; hata kama wangenifungulia nisingefika Usangi siku ile, wala kesho yake. Lakini nilitaka niwe njiani. Lango lilikuwa limefungwa, na uwanja wa ndege ulishafungwa. Askari mmoja, kijana kabisa, aliniambia tu, "Mama, rudia." Nikamwonyesha ule ujumbe. Akausoma wote, akanirudishia simu kwa mikono miwili, akasema tena, "Pole, mama. Rudia."

Nikarudi. Niliketi mlangoni kwangu, nikashindwa hata kuvua kandambili. Léoncie alikuwa anapita na beseni lake. Akaniuliza, "Ni nini?" Nikamwambia baba yangu amekufa na wanamzika leo. Alitua beseni chini, akakaza kitenge kiunoni, akatoka nje ya lango. Nilidhani amekwenda zake.

Baada ya muda viti vikaanza kuingia. Viti vya plastiki, vya kanisani, vimebebwa vichwani. Kisha wanawake. Wengine niliwajua kwa sura tu, wengine sikuwajua kabisa. Na kila mmoja alikuja na maji: huyu nusu dumu, huyu jagi, huyu chupa. Wiki ile watu walikuwa wanashuka ziwani kwa woga kuchota maji, na wakirudi wanayaficha. Wakayamimina yote kwenye sufuria moja kubwa pale uani, ili waombolezaji wapate kunawa na kunywa. Hapo ndipo nililia kwa sauti.

Akaja Mama Charline na mumewe Kambere, Wakatoliki wa Butembo, wenye duka la pembeni. Mama Charline akaanzisha wimbo kwa Kinande, Léoncie akajibu kwa Kinyarwanda. Mimi nikaimba ubeti mmoja wa Kipare, ule Baba alioupenda, na wote waliufuata kwa kuvumisha tu, midomo imefumbwa.

Halafu Kambere akasimama kuweka utaratibu, akauliza, "Famille ni nani? Batu batapatia nani mukono?"

Watu wakageuka kunitazama. Unajua nawe, msiba haukai bila mtu wa ukoo wa kupokea pole. Mimi ni mwanamke peke yangu, mgeni, sina kaka wala mjomba huku. Nilitazama chini. Sijawahi kujiona mgeni kama dakika ile.

Ndipo nikasikia Léoncie anasema, "Papa!" kwa sauti ya kushtuka. Muzee Habarurema alikuwa anaingia langoni. Alikuwa amevaa koti lake na kofia, na hakuwa na magongo. Alikuwa amevaa ule mguu. Alitembea polepole, akishika ukuta, kisha akauachia ukuta, akakatiza uwanja mzima wa mawe mpaka kwenye kiti kilichokuwa karibu na changu. Hakukaa. Akashika mgongo wa kiti.

"Famille ni miye," akasema. "Huyu mutoto alinipima muguu, nikamutukana, akanipima tena. Njo mutoto wa nyumba yangu. Mupatie miye mukono."

Macho ya kazi hayalali, Shangazi. Hata katika machozi yale niliona mkanda umelegea na soksi ameivaa vibaya, na nikajua anaumia. Nikataka kuinuka nimrekebishie. Akaninyooshea kidole. "Kaa. Leo weye hauko ku kazi."

Akapokea mikono ya watu wote, amesimama. Walipomsihi akae, akasema haendi mutu kilioni mwa ndugu yake akakaa kama mugonjwa.

Baadaye Léoncie akaniuliza, "Papa yako alikuwa mutu wa namna gani?" Nikawaambia. Niliwaeleza kwamba kwetu milimani kuna bwawa dogo liitwalo ndiva, na kwamba Baba ndiye aliyekuwa akilifungua na kugawa maji, leo shamba la huyu, kesho la yule. Niliwasimulia ule mwaka wa ukame alipoiruka zamu ya shamba letu wenyewe akampa mjane wa shamba la chini, na Mama akamnunia mpaka mavuno. Wakacheka. Muzee hakucheka. Akaniuliza, "Na batu hawakupigana?" Nikamwambia walikuwa wanagombana, lakini mbele yake hapana. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Kugawanya mayi," akasema, "na batu hawapigane. Huyo alikuwa mukubwa."

Saa ya mazishi ilipofika nikawaambia. Kambere akauliza Tanzania iko upande gani, wakabishana kidogo, mwisho wakakubaliana. Uwanja wote ukasimama ukaelekea huko, wenye watoto wamewabeba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, Shangazi, wakati ninyi mnamshusha kaka yako. Sikuwa kazini. Sikuwa sokoni. Nilikuwa nimesimama, nimeshikwa mikono pande zote mbili.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivi. Muzee alirudi kwao mwezi wa tatu, kambi zilipotawanyika, akaondoka na mguu wake baada ya mimi kumfundisha kuuvaa inavyotakiwa. Alikuta nyumba haina bati, lakini shamba lipo. Majirani walipopanga siku ya kuondoa kilio, Jumamosi ya kuamkia Matawi, nilisema asisumbuliwe. Léoncie hakunisikiliza. Siku hiyo Muzee akatokea kwenye pikipiki kutoka Kiwanja, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na gunia dogo la maharage. Alisimama tena mahali pa ukoo, akamaliza msiba alioufungua.

Akanipa maneno nikuletee, nikayakariri ili nisiyaharibu: "Muambie shangazi yako, mutoto wake hakukuwa wa kutupwa. Tulikaa naye. Kama tulikosea desturi yenu, hiyo kosa ni yangu, aniletee miye."

Kuna jambo jingine, na hili najua litakuuma. Baada ya vita ofisi iliwapa wageni ruhusa ya kuondoka, na wengi waliondoka. Mimi nimekubali kubaki mwaka mmoja zaidi. Wanaokuja karakanani sasa ni wengi kuliko miguu tunayoweza kutengeneza, na wengi wao ni wadogo kuliko watoto wa Namkunda. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua utakataa, na nisingeweza kukukatalia wewe.

Ila Julai nakuja, nimepewa likizo. Usije na watu kunipokea pale stendi. Nataka nipande mwenyewe mpaka kwako, na kabla sijanywa hata maji, unipeleke kaburini wewe, si mtu mwingine. Unisimulie yote pale pale: nani alirusha udongo wa kwanza, mliimba wimbo gani, Mama alisimama au alikaa, na nani anafungua ndiva sasa. Hata maneno uliyokuwa unataka kuniambia kwenye simu, uniambie hapo, nitayapokea. Mpaka leo simu ikilia asubuhi na mapema mkono wangu unaikimbilia, nadhani ni yeye. Nahitaji mtu wa damu yake aniambie kwamba si yeye tena.

Nisalimie Mama, mwambie nitamletea kitenge cha huku. Nisalimie Namkunda na wanawe, Mzee Mbwambo, na akina mama wa kwaya. Léoncie, Mama Charline na Kambere wanakusalimu; wanakuita "Shangazi yetu" ingawa hawajakuona.

Mungu aliyenilinda kwenye sakafu ya jiwe akulinde na wewe katika usingizi wako, akupe nguvu za goti hadi Julai tupande wote mpaka kaburini kwa Baba.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ukiwa umenikasirikia,

Naelijwa